Wigo wa Mkono wa Kushoto

Mwanga wa Februari huko Wenbrook hauji kutoka juu. Huja kwa ubavu, chini chini, ukitambaa juu ya umande ulioganda, na mwanga wa namna hiyo hauna adabu. Huonyesha kila kitu: jiwe lililochomoka ukutani, mfereji ulioziba, paa lililobonyea, nyayo za mtu aliyepita mahali ambapo hakuna aliyemtarajia.

Asubuhi ile ulimwonyesha Silvanus Corfield wigo wa Thirza Gwilt.

Alikuwa juu ya farasi wake jike, koti limefungwa hadi kidevuni, kikohozi bado kimemkaa kifuani. Wiki tatu homa ilimlaza. Wiki tatu hakukagua mpaka wala lango. Sasa anatoka, msimamizi wa mashamba ya Kanali Tresham, mashamba kumi na manne na wapangaji kumi na wanne, anatoka kuona kama dunia imebaki pale alipoiacha. Haikubaki.

Alipoanguka kitandani, wigo wa Blackhurst, ua wa miti hai wa shamba la Thirza, ulikuwa kichaka tu: miiba imerefuka, chini kumetoboka, kondoo wanapita watakavyo. Sasa ulikuwa umelazwa wote, hatua mia tatu kutoka kijitoni hadi barabarani. Kila shina limekatwa karibu na ardhi, limebaki kidogo litengane, likaachwa likishikwa na utepe wa gome usiozidi kidole, kisha likainamishwa, likalazwa juu ya mwenzake, lipate kuchipua upya. Vigingi vimesimama dhiraa kwa dhiraa. Juu yake fito zimesukwa kama ukili. Ilikuwa kazi nzuri, na uzuri wake ndio uliomchoma.

Maana wigo, ukiuzoea, una mwandiko. Huyu hukata kwa mapigo mawili, yule kwa matatu. Huyu hupendelea vigingi virefu, yule vifupi. Na panga lililopita hapa lilikuwa limeingia kutoka upande wa kushoto, shina baada ya shina, hatua mia tatu. Katika bonde zima la Wenbrook mashoto ni mmoja tu: Eli Preece, mpangaji wa shamba la jirani, mwanamume wa mabega mapana na ng'ombe thelathini, asiye na mke.

Silvanus akashuka. Akavua glavu, akagusa jeraha moja la mti. Lilikuwa bado na unyevu.

"Wiki tatu," akamwambia farasi, kwani hapakuwa na mwingine wa kuambiwa. "Nimeumwa wiki tatu tu."

Alijua. Miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kujua. Alijua lango lipi hulia na lipi limelegea bawaba. Alijua mwaloni upi ni wa Kanali na tawi lipi mpangaji anaruhusiwa kuokota baada ya upepo. Alijua nani hulima juu juu akidhani msimamizi haoni, na nani huenda kanisani na sungura wa watu mfukoni. Alijua chumba kipi cha Blackhurst kinavuja, kwa kuwa alikwenda kukikagua mara nne kwa mwezi, hata mvua isiponyesha. Bonde lote lilielewa ukaguzi ule. Kilabuni walikuwa wakisema, "Paa la Blackhurst litachakaa kwa kutazamwa," na aliyesema hilo alinunuliwa bia.

Job Gwilt, mume wa Thirza, alikuwa amekufa mwaka mmoja na ushei uliopita. Mkataba wa shamba uliandikwa kwa jina lake, na jina la maiti halishiki jembe. Kanali alimwachia mjane shamba hadi Siku ya Bibi Maria, tarehe ishirini na tano Machi, siku ambayo mashamba hubadilisha mikono na mikokoteni yenye vitanda hupishana njiani. Siku hiyo mkataba mpya ungeandikwa. Kwa jina la nani? Kanali angeuliza, Silvanus angejibu, na jibu la Silvanus lingekuwa neno la mwisho, kama ilivyokuwa siku zote.

Naye alikuwa ameshapanga. Angeandika jina la Thirza. Angempelekea mkataba kwa mkono wake mwenyewe, wino haujakauka vizuri, na papo hapo mezani, mbele ya birika la chai, angemwambia lile neno alilolibeba mwaka mzima kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na nyumba ya vyumba saba, na katika vyumba vyote saba kiti kilichokuwa na joto kilikuwa kimoja. Alingoja mjane avue nguo nyeusi. Alingoja majira ya baridi yapite. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwake lilianza kuuma asubuhi ile, mbele ya fito.

Wivu haukumjia kama hasira. Ulimjia kama maswali. Eli alianza saa ngapi? Hatua mia tatu, mtu mmoja, siku kumi na nane za kazi ukiondoa Jumapili: mara ngapi aliinua kichwa akaliona dirisha la jikoni? Nani alimletea chai, na aliileta hadi wapi, hadi kwenye lango la bustani au hadi wigoni kabisa? Walipoinywa walisimama au waliketi? Walikuwa upande mmoja, au kila mtu na upande wake?

Akakumbuka supu. Wiki ya pili ya homa Thirza alimpelekea supu ya shayiri na mfupa wa kondoo, naye aliinywa huku machozi yanamtoka, ya homa na ya furaha. Na nani aliileta? Eli Preece, kofia mkononi, pale mlangoni: "Bibi Gwilt kasema uinywe ingali moto, Bwana Corfield." Siku ile alimshukuru. Sasa alitamani kuirudisha shukrani ile.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Silvanus alikuwa ameshakonda kwa homa. Hakuwa na nyama ya kupoteza. Akapanda farasi, akaenda Blackhurst.

Alimkuta jikoni, unga umempanda hadi viwikoni. Mwanamke wa miaka arobaini, mfupi, mwepesi wa miguu, na kicheko kilichokuwa kikitangulia maneno yake. Silvanus akavua viatu mlangoni, kama kawaida yake. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kuvua viatu mlangoni pale, hata mwenye nyumba.

"Bwana Corfield! Umefufuka! Kaa basi, usinisimamie kama polisi."

Akakaa. Akamiminiwa chai. Akaishika kwa mikono miwili.

"Naona wigo umelazwa."

"Umelazwa. Kondoo wamenuna, walishazoea kutembelea watu."

"Kazi ya Preece."

"Ya Eli, ndiyo."

Akageuza donge la unga, akalipiga, akaligeuza tena. Eli. Si Preece, si Bwana Preece. Eli, jina fupi, lililolainika kinywani mwake kwa kutumiwa. Yeye mwenyewe, miaka ishirini na miwili, alikuwa Bwana Corfield, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote bondeni kwamba mama yake alikuwa akimwita Silva.

Juu ya meko, kwenye msumari uliokuwa ukitundikwa koti la marehemu, palining'inia glavu mbili za ngozi nene, zile za kazi ya miiba. Ya kushoto ilikuwa imechakaa kuliko ya kulia.

"Na hizo?"

Thirza akamtazama, akazitazama glavu, akaangua kicheko. "Zililoa, zinakauka. Kwani leo umekuja kukagua paa, Bwana Corfield, au glavu?"

Angeweza kucheka naye. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, ameufungua yeye mwenyewe kwa kicheko chake. Angeweza kusema, Thirza, nimekuja kukagua kama nina nafasi. Mwanamke anayecheka vile asingemfukuza mtu kwa neno kama hilo. Angalau angejibu. Badala yake Silvanus alisema paa linahitaji vigae sita, akavaa viatu vyake, akaondoka na chai imebaki nusu.

Alasiri ile ile akaketi ofisini, ramani ya mashamba yote kumi na manne ukutani, dirisha likitazama zizi. Kanali alikuwa kusini mwa Ufaransa akipumzisha kifua chake. Silvanus akachovya kalamu, akamwandikia. Hakuandika uongo hata mmoja, na jambo hilo ndilo lililomtisha baadaye. Aliandika kwamba Blackhurst ni shamba zito kwa mwanamke peke yake. Aliandika kwamba kwa sasa jirani yake Preece ndiye anayelimudu. Akaandika, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wa siku zote, kwamba anashauri mkataba mpya usiandikwe kwa jina la mjane.

Mkono uliandika, na moyo ukawa unatazama picha yake. Kanali atakubali. Thirza atatakiwa kutoka. Siku ya Bibi Maria atasimama barabarani na masanduku mawili na paka, mvua ya Machi inamnyea, na nani katika bonde zima ana vyumba saba? Hapo ndipo angeshuka kwenye farasi. Hapo neno lingetoka lenyewe. Aliliita jambo hilo huruma. Kupenda, chongo huita kengeza. Na wivu nao, mtego huuita huruma.

Barua akaipeleka posta mwenyewe, kwa miguu, kabla ya saa kumi na moja. Hakutaka mtu mwingine aishike.

Zikaja siku za kungoja. Machi ikaingia na kondoo wakaanza kuzaa, na Silvanus akapita shamba hadi shamba akisikia vilio vya watoto wa kondoo na kilio chake mwenyewe kisicho na sauti. Kila siku alipita Blackhurst, juu barabarani, bila kushuka. Siku moja aliwaona wote wawili wigoni. Thirza alikuwa na kikombe, Eli alikuwa na mkate. Wigo ulikuwa katikati yao, kila mtu na upande wake, na walikuwa wakizungumza kama watu wanavyozungumza habari za mvua. Jibu la swali lake lilikuwa pale, mchana kweupe. Lakini mwenye wivu akishaamua, macho hayamsaidii kitu. Aliona kikombe tu.

Usiku hakuwa akilala vizuri, na mchana alikuwa mkali. Alimkaripia mzee Beddoes kwa lango ambalo halikuwa na kosa. Alikataa kumpa mama Yapp mti wa kutengenezea kizingiti. Wapangaji wakatazamana. Wakasema homa haijamtoka yote, na katika hilo walisema kweli.

Jibu la Kanali lilifika tarehe kumi na nne, karatasi nene, maneno machache. Corfield, kama kawaida unaona mbali. Ikiwa Preece ndiye anayelimudu, apewe Preece. Unganisha mashamba mawili, mkataba mmoja. Mwarifu, na mwarifu mjane pia, kwa upole.

Akaisoma amesimama. Akaisoma tena ameketi. Katika yote aliyoyapanga, hilo halikumpitia kichwani. Hata mwanafunzi wa kwanza wa kazi hii angeliona, msimamizi wa miaka ishirini na miwili hakuliona. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na kisima hiki alikipima kwa kamba yake.

Akawaarifu wote wawili kwa karatasi, kwa kuwa hakuweza kuwatazama usoni. Kesho yake asubuhi Eli Preece aliingia ofisini na matope hadi magotini, wala hakubisha hodi.

"Nani kamwambia Kanali kwamba mimi ndiye ninayelima Blackhurst?"

"Wigo unaonekana, Preece. Mwandiko ni wako."

"Wigo!" Eli akaitupa kofia mezani, juu ya karatasi. "Bwana Corfield, mwaka ule farasi aliponivunja mguu, Job Gwilt alinilazia wigo wangu wote, toka kijitoni hadi kanisani. Hakutaka hata kipande cha jibini. Huku kwetu wigo hulipwa kwa wigo. Job kafa kabla sijalipa. Ulitaka nikalilazie kaburi?"

"Sikujua."

"Hukujua?" Hakusema kwa dharau. Alishangaa kwa dhati, kama mtu aliyeambiwa na kasisi kwamba yeye kasisi hajui kusali. "Miaka yote hii?"

Hakujua. Jambo lile halikuwa kwenye mkataba wowote. Halikuwa kwenye ramani. Watu wa Wenbrook walikuwa wamelaziana wigo tangu enzi za babu zao, mwenye mguu uliovunjika na mwenye kifua kibovu, mfiwa na mwenye mtoto mchanga, kutoka shamba hadi shamba, na yeye alipita juu yake na farasi miaka ishirini na miwili akikagua vigingi. Wigo wa nyumba yake mwenyewe ulilazwa kila mwaka na vibarua wa Kanali, kwa amri yake. Hakuna mtu bondeni aliyekuwa na deni la wigo kwake, wala yeye kwa mtu. Na hapo wivu mwingine ukamwingia, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Akamwonea wivu Job Gwilt, aliyelala chini ya nyasi na bado kuna mtu anamkumbuka kwa panga mkononi.

"Sasa sikiliza," Eli akasema. "Mimi siwezi kumtoa mke wa Job nyumbani kwake. Sura yangu nitaificha wapi? Na Kanali jina la mwanamke halitaki. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie, nifanyeje?"

Jibu lilikuwepo. Barua moja. Ufaransa ni siku nne kwenda na siku nne kurudi, na Siku ya Bibi Maria ilikuwa imebakiza siku kumi. Nilikosea, Kanali, mjane anaweza, andika jina lake. Silvanus aliyaona maneno hayo yote yamejipanga. Kisha akamwona Thirza jikoni kwake, jina lake kwenye mkataba, salama, na ng'ambo ya wigo mwanamume huyu wa mabega mapana, kila baridi, miaka na miaka, na kikombe cha chai kikitoka na kurudi. Wivu ukamshika mkono wa kalamu.

"Barua ya Kanali," akasema, "ni barua ya Kanali."

Eli akasimama pale akiizungusha kofia. Akaizungusha polepole, halafu mikono ikatulia. Wekundu ukampanda shingoni, ukafika masikioni.

"Basi njia iko moja," akasema. "Sikuwahi kuifikiria. Naapa, Bwana Corfield, sikuwahi, hadi sasa hivi, hapa mezani kwako." Akaondoka akiwa na haraka, na mlango akausahau wazi.

Thirza alikuja siku ya tatu. Alikuwa amevaa gauni la kijivu, si jeusi, na Silvanus aliliona gauni kabla ya kuiona sura. Hakukaa.

"Eli kaniposa. Nimekubali. Na najua ni wewe uliyemwandikia Kanali, Eli kaniambia. Nilikasirika siku moja nzima, nikavunja sahani mbili, yakaisha."

"Bibi Gwilt, mimi..."

"Ngoja. Nimekuja na ombi. Baba sina, kaka sina. Nataka unishike mkono kanisani unifikishe mbele."

"Kwa nini mimi?"

Alifikiri kidogo. Kicheko hakikutangulia maneno safari hii. "Kwa sababu mwaka mzima hakuna mtu aliyefika mlangoni kwangu mara nyingi kama wewe. Na hukuwahi kusema umefuata nini."

Akangoja. Alimpa nafasi, ndefu kuliko mtu anavyostahili kupewa, huku farasi wakisikika zizini na kalamu ikidondosha tone kwenye karatasi safi. Silvanus alifungua kinywa. Yai lilikuwa bado humo, zima.

"Itakuwa heshima kwangu," akasema.

"Haya," Thirza akasema kwa upole, na akaenda.

Ilikuwa Aprili, wiki moja baada ya Pasaka. Jua lilikuwa limepanda, lile la mchana linaloshuka kutoka juu moja kwa moja na kufupisha vivuli vya watu, na mwanga ukaingia kwenye madirisha ya kanisa la Wenbrook ukamwangukia kila mtu sawasawa, mwenye deni na mwenye kudai. Mashamba yote kumi na manne yalikuwa yameketi. Mzee Beddoes alikuwepo. Mama Yapp alikuwepo, na kofia mpya. Silvanus alilijua paa la kila mmoja wao.

Mlangoni Thirza aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Silvanus. Mwaka mzima wa chai na hawakuwahi kugusana. Ulikuwa mkono mzito, wa moto, wa mtu anayekanda unga kila siku, na ulinukia sabuni. Wakatembea. Alitaka njia iwe ndefu, lakini kanisa lile ni dogo, kila mtu anajua, na upesi wakawa wamefika.

Eli alikuwa amesimama mbele na shati lililopigwa pasi hadi likang'aa. Alimtazama Thirza, na Silvanus aliona kwamba sasa ilikuwa kweli. Kile alichokiogopa Februari, ambacho Februari hakikuwapo, sasa kilikuwapo. Kilizaliwa ofisini kwake, mezani kwake, na yeye ndiye mkunga.

Kasisi alikuwa amemwambia Thirza mapema kwamba mjane halazimiki kuulizwa swali lile. Thirza alisema aulizwe. Kwa hiyo kasisi akafunua ukurasa, akainua macho juu ya miwani, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, ni nani anayemtoa mwanamke huyu aolewe na mwanamume huyu.

Mtu akakohoa, akaacha. Thirza hakumtazama, alitazama mbele, na vidole vyake juu ya mkono wa Silvanus havikusogea. Silvanus angeweza kujibu kwa kichwa, wengi hujibu kwa kichwa. Lakini mwaka mzima alikuwa amenyamaza, na barua ile moja ndiyo iliyosema kwa niaba yake.

"Mimi," akasema Silvanus Corfield, kwa sauti iliyowageuza watu wa viti vya nyuma. "Ni mimi niliyemtoa."

Kisha akauachia mkono.